Leo Mwezi Ngapi?

(Mazungumzo na vijana waongoza watalii, manahodha na madereva wa tuktuk, Malindi, siku chache kabla ya kaskazi kukolea. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Asalaam aleikum. Na wale wenzetu wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe sana. Kina mama, kina baba, wanangu mliokaa huko nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, nimewaona, karibuni.

Kabla sijaanza nina swali moja, na simu zikae mfukoni. Leo mwezi ngapi?

Siulizi Novemba. Novemba iko kwenye kalenda ya duka. Naulizia mwezi wenyewe, ule wa juu. Leo mwezi ngapi?

Naona mnatazamana. Haya, kuna mkono kule pembeni. Mama wa mahamri. Sema mama... Kumi na tatu! Ahsante sana. Jamani, ukumbi mzima umejaa watu wenye beji shingoni na fulana zilizoandikwa mgongoni, na anayejua mwezi ni mama aliyekuja kutuuzia chai. Mama, wewe umejuaje? Anasema mumewe ni mvuvi, asipojua mwezi hajui kama jioni atakaanga samaki au atapika maharagwe.

Basi hotuba yangu mama ameshaimaliza. Mimi nitairefusha tu, kwa kuwa nimekaribishwa na nimevaa kanzu mpya.

Nasema hivi. Mgeni akija kwetu hanunui bahari. Bahari haina mwenyewe, nani ataiuza? Hanunui msitu, hanunui jua. Vyote hivyo vipo, uwepo wewe usiwepo. Mgeni ananunua saa. Saa ambayo bahari iko wazi, saa ambayo ndege wanashuka, saa ambayo kuta za korongo la Marafa zinageuka rangi. Na saa hiyo mgeni hana. Ana saa ya mkononi, ya bei kubwa kuliko tuktuk yako, lakini haimwambii kitu. Saa unayo wewe. Au ulitakiwa uwe nayo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, msije mkadhani nimekuja kuwasimanga.

Nilipokuwa kijana nilipata kazi kwenye boti ya kioo, ile yenye kioo sakafuni cha kutazamia chini ya maji. Hoteli iliyotuajiri sitaitaja, na wenyewe walishaondoka. Walikuwa wamebandika karatasi mapokezi: boti ya kioo, saa nne asubuhi, kila siku. Kila siku! Sasa niambieni, bahari ilikuwa imesoma karatasi ile?

Wengi mnalijua hili, lakini nitalisema kwa ajili ya wenzetu wa tuktuk waliotoka bara. Maji yanapwa mara mbili na kujaa mara mbili, usiku na mchana. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, tunapata bamvua. Maji yanakwenda mbali mpaka mwamba unachomoza mgongo, kisha yanarudi kwa nguvu, na tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, yaani mwezi saba, nane, au ishirini na moja, ishirini na mbili, ni maji mafu. Hayatoki sana, hayaji sana, kama mtu aliyeamka na homa. Tofauti ni mita 1 hivi. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana.

Sasa shikeni hesabu, maana hapa ndipo riziki yenu ilipo. Bamvua ya kwetu maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku ongeza dakika 50. Siku saba mbele maji yatatoka saa ngapi? Saa kumi jioni! Na saa nne ile ya asubuhi, ile ya kwenye karatasi, yatakuwa nini? Yamejaa.

Siku moja ya maji mafu nikampakia bibi mmoja, mtu mzima, mpole, amekuja peke yake kutoka Ulaya. Nikampeleka mpaka juu ya matumbawe. Hifadhi hii ya bahari imelindwa tangu 1968, ilitangazwa pamoja na ile ya Watamu, na ni katika hifadhi za bahari za mwanzo kabisa Afrika. Miaka yote hiyo wavuvi wamekatazwa kutupa nyavu pale ili chini pabaki kama Mungu alivyopaumba. Na mimi nimempeleka bibi wa watu wakati maji yamefunika kila kitu, yana vumbi, matumbawe yanaonekana kama kivuli cha ng'ombe usiku. Bibi akainama kwenye kioo nusu saa nzima. Nusu saa! Kisha akainuka, akanyoosha mgongo, akanishika mkono, akaniambia, ahsante, maji ni mazuri.

Maji ni mazuri. Mtu amepanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama maji.

Angenitukana ningesahau. Hakunitukana kwa sababu hakujua alichokosa. Alidhani ndivyo palivyo. Akarudi kwao akawaambia wenzake kwamba matumbawe ya Malindi ni maji mazuri. Na mimi pesa niliichukua, na bakshishi nikapokea.

Hapo kuna kijana atainua mkono aniulize, mzee, sasa tufanye nini, tumkatalie mgeni? Nilijaribu, mwanangu. Niliwaambia wageni wawili, leo hapana, rudini Ijumaa. Wakanishukuru, wakatembea hatua ishirini, wakapanda boti ya mwenzangu. Mwenzangu akala, mimi nikalala na ukweli wangu. Kwa hiyo sikwambii ukatae tu. Ukisema hapana bila kuwa na neno la pili, njaa ni yako. Neno la pili ndilo nililokuja kuwapa.

Neno la pili ni hili: si hapa leo, leo ni kule.

Tazameni. Bamvua, asubuhi saa nne maji yako nje, mpeleke kwenye matumbawe. Mchana alale, ale wali wa nazi. Maji hayo hayo yatajaa saa kumi jioni. Yakijaa, kule Mida, mkono wa bahari wa Watamu, yanaingia mpaka kwenye mikoko, na mtumbwi unapita katikati ya mizizi bila hata kukwaruza. Siku moja, mgeni mmoja, maji yale yale, safari mbili. Umeona? Na akitaka ndege, asiende maji yamejaa. Mpeleke yakiwa yanaanza kurudi, akae pale mwisho wa daraja la mbao la kuning'inia atulie. Yakipanda yanawasogeza ndege mpaka usoni kwake. Kuna wale weupe wenye mgongo mweusi, mdomo kama koleo, wanaokula kaa, wanakuja kwa mamia miezi hii ya kaskazi. Wewe huna haja ya kuwafuata kwenye tope. Maji yatakuletea.

Maji mafu je? Maji mafu geuza mgongo, bahari iache. Nenda msituni, nenda Marafa, nenda Gede. Magofu ya Gede hayana bamvua, na tangu 2024 yako kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa hiyo wageni watazidi.

Na lile fungu la mchanga la Watamu ambalo Waitaliano wanaliita Sardegna Due, tafadhali. Linatoka maji yakitoka, linazama maji yakirudi. Nimeona watu wametandika mkeka, wamepanga matunda, wamevua viatu, na nahodha amelala kwenye mashua kofia usoni. Viatu ndivyo vilivyotangulia kuelea. Siku ile tulicheka. Ningekuwa na mtoto mdogo pale nisingecheka.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, niwapeleke mlimani. Mtasema huyu mzee wa mashua mlima ameujulia wapi. Nina kijana wangu anafanya kazi Nanyuki. Nanyuki ni mji mdogo, uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mlima wenyewe, Mlima Kenya, uko dirishani. Nikaenda kumtembelea mwezi wa Februari, akaniambia, baba, wewe umetembeza watu maisha yako yote, na wewe leo utembezwe.

Nikakabidhiwa kwa kijana wa pale, umri wa hawa waliokaa nyuma. Swali la kwanza hakuniuliza pesa. Aliniuliza, mzee, unakaa wapi? Nikasema Malindi. Akasema, basi damu yako ni ya baharini, tutapanda polepole kuliko unavyotaka. Tukaingia kwa lango la Sirimon, tukalala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Tukaendelea mpaka kambi ya Shipton, mita 4,200. Jamani, baridi ile! Maji ya kwenye chupa yameganda, nikakumbuka joto la Malindi nikajuta kulilalamikia. Kichwa kinagonga kama nyundo ya fundi mashua.

Kijana akasema, wanaokwenda kileleni wataamka saa nane za usiku. Nikamuuliza, saa nane za usiku mnakwenda kuiba nini? Akasema, mzee, huu mlima unafunguliwa asubuhi na unafungwa asubuhi. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, mtu awe ameshafika kilele cha Lenana, mita 4,985. Ikifika saa nne mawingu yamepanda, na huko juu utaona pamba tupu.

Halafu akanitazama macho, akaniuliza maswali mawili matatu ya kichwa na ya tumbo, akasema, lakini wewe mzee huendi. Wewe kukicha unashuka.

Wallahi nilikasirika. Nimelipa, nimepanda siku mbili, mtoto wa kumzaa mimi ananiambia nishuke! Lakini alikuwa na neno la pili. Akaniamsha kabla ya alfajiri, akanitoa nje nimejifunga blanketi mbili, akanisimamisha mahali, akaniambia, tazama pale juu. Jua likagonga ncha ya Batian, kilele cha juu kuliko vyote, kwanza, peke yake, huku sisi bado tuko gizani. Nyekundu. Kisha ikashuka polepole kama mtu anayekunjua mkeka. Sikusema neno. Saa nne tukiwa njiani kuteremka nikageuka nyuma: hakuna mlima. Wingu. Na kuna watu ndio kwanza wanapanda, wanaulizana, mlima uko wapi?

Watu wa Nanyuki wana mlima kama sisi tulivyo na bahari. Mlima hawakuutengeneza wao. Lakini yule kijana alijua unafunguliwa saa ngapi na unafungwa saa ngapi, na alijua nani asipelekwe. Mimi nilikuwa nimetembeza watu miaka mingi na sikuwahi kumuuliza mgeni hata mmoja, wewe unatoka wapi, mwili wako umezoea nini?

Na ningelijua hilo mapema, nisingewapeleka wale watu Marafa saa saba za mchana.

Marafa mnaijua. Kilomita thelathini na kitu kutoka hapa, unavuka daraja la Sabaki, unashika barabara ya ndani. Wagiriama wanapaita Nyari. Watalii wamepabandika jina la jiko la jehanamu, na jina hilo lina sababu yake. Korongo lile limechimbwa na mvua na upepo, kuta za mchanga, nyeupe, waridi, chungwa, nyekundu, zimesimama kama minara. Wazee wa pale husimulia kwamba palikuwa na tajiri na watu wake, wana ng'ombe wengi hata wakawa wanaogea maziwa. Mungu akachukia israfu ile, ardhi ikawameza, na nyeupe ile ndiyo maziwa, nyekundu ile ndiyo damu. Simulieni hivyo hivyo, na semeni pia kazi ya mvua. Mgeni anapenda zote mbili.

Mimi nilipeleka familia moja saa saba. Upepo haufiki kule chini, kuta zinarudisha joto kama tanuri la mkate, jua liko utosini na rangi zote zimekufa, kila kitu ni cheupe tu kinachoumiza macho. Mama wa ile familia akakaa chini, midomo imekauka. Tulimpandisha tumemshika huku na huku. Kijana wa kijiji akanichapa neno moja: mzee, umewaleta jikoni moto ungali unawaka. Njooni jioni, moto ukibaki makaa.

Tangu siku ile naondoka Malindi saa tisa. Tukifika saa kumi tunazunguka ukingoni kwanza, tunashuka na muongozaji wa pale pale, hela yake apewe mkononi mwake, tunapanda jua likikaribia kuzama. Hapo ndipo kuta zinawaka. Sihitaji kusema kitu, nakaa pembeni nachezea funguo za gari.

Msitu wa Arabuko-Sokoke sitauzungumza sana, kuna wataalamu humu ndani wanaoujua mti kwa mti. Nitasema tu kwamba ni zaidi ya kilomita za mraba 400, uko mlangoni mwetu, na wengi wetu tunaupita kwenye barabara ya Mombasa tumelala. Ingieni alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu unaweza kumwona sange mwenye matako ya dhahabu akichakura majani, mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye watu wanavuka dunia kumfuata. Saa nne msitu umenyamaza, unasikia nyenze tu. Aliye kinyume ni yule bundi mdogo wa Sokoke, kimo chake kama glasi ya sharubati: usiku ndiyo kazini, mchana amelala, na muongozaji aliyemsikia alfajiri anajua amelala mti gani. Kwa hiyo hata kulala kwa bundi kuna saa yake.

Sasa jambo moja la mnarani. Nimewasikia wengi pale kwenye mnara wa Vasco da Gama. Mnasema 1498, mnasema msalaba, mnasema mawe, mgeni anapiga picha, mnaondoka. Mbona hamsemi utamu wenyewe? Yule Mreno alifika hapa Aprili, ana meli, ana mizinga, hana saa. Mfalme wa Malindi akampa rubani. Rubani anajua kusi, upepo wa kusini unaosukuma meli kwenda India, inaingia lini. Wakang'oa nanga Aprili 24, wakaiona India kabla Mei haijaisha, bahari yote ile siku 23. Kurudi akaona ameshajua. Akaondoka Kalikuti mwishoni mwa Agosti, kusi bado inavuma, hakungoja kaskazi, upepo wa kumrudisha. Alirudi hapa Malindi lini? Januari 7, 1499. Watu wake wamekufa kwa kiseyeye, waliobaki hawatoshi kuendesha meli zote, moja wakaichoma moto huku huku pwani yetu.

Siku 23 kwenda. Kurudi, miezi minne na siku zake. Bahari ile ile, meli zile zile. Mwambie mgeni hivyo halafu mgeuze atazame maji. Utaona kama ataondoka haraka.

Na upepo haujaacha kazi. Mto Sabaki unatoka mbali, huko juu karibu na Nairobi unaitwa Athi, ukifika Tsavo ni Galana, kwetu ni Sabaki, na mvua zikinyesha bara unashuka na udongo mwekundu wa watu. Kusi ikivuma, tope linasukumwa kaskazini, Mambrui na Ngomeni. Kaskazi ikivuma, linakuja kwetu. Kwa hiyo mvua za vuli zikiwa nzito mwaka huu, maji ya Malindi yatakuwa kama chai ya maziwa, na mgeni atakuuliza mbona. Msimwambie ni kawaida. Mwambieni ni Ukambani inapita. Halafu neno la pili: matumbawe leo tunakwenda Watamu, kusini, maji meupe. Na hapa hapa mdomoni mwa mto kuna viboko na ndege wa kutosha, tope ndilo linalowalisha.

Miezi ya kusi hoteli zinafunga, mwani umejaa ufukweni, vijana mnarudi kucheza bao. Lakini kuanzia Julai nyangumi wanapita hapa nje, na wenzetu wa Watamu wameshajifunza kuwafuata kwa adabu, kwa umbali, injini imepoa. Bao tutacheza tukizeeka. Mimi mwenyewe ndio naanza.

Naambiwa muda umekwisha, na mimi ndiye niliyekuja kuhubiri habari za muda.

Basi. Mama amesema leo kumi na tatu. Kesho ni kumi na nne. Maji yatakuwa chini kabisa karibu na saa nne. Mashua iko Casuarina, kwenye lango la hifadhi, na nimepata nafasi kumi na mbili za bure kwa wale ambao hawajawahi kuyaona matumbawe kwa macho yao, na najua mpo, msione haya. Tunang'oa nanga saa tatu kasorobo. Kasorobo ya bahari, si kasorobo ya Malindi. Miwani ya maji ipo. Viatu vya kukanyagia matumbawe havipo, kwa sababu matumbawe hatukanyagi.

Chai iko nje. Mahamri ya mama lipeni kwanza, ndipo mle.